Leso Kwenye Pengo

Zumari ndiyo iliyotangulia. Ililia huko chini bondeni, mbali, ikakatika, ikalia tena karibu zaidi, na kila ilipolia Zisis Karvelas alinyoosha shingo kuitazama njia. Hakuona mtu. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelalia misonobari, na njia ya kupandia kijijini Anemolaka ilikuwa imemezwa yote. Kisha likasikika dufu, kisha kwato za nyumbu juu ya mawe, na mtu akakohoa.

"Wapigaji wamefika," alisema mama yake kutoka mlangoni.

Asimina hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa mekundu, na mikono yake ilikuwa ikizungusha ncha ya aproni, inaifungua, inaizungusha tena.

"Njia ya nyuma bado ipo," alisema. "Shuka na mto mpaka barabarani, dandia lori, nenda Larisa kwa mjomba wako. Mimi nitawaambia umeugua."

"Nimeugua nini, mama?"

"Lolote. Tumbo la kuhara."

"Sikukuu ya Bikira, kijiji kizima kinanisubiri kichwani mwa duara, na mimi niko kichakani naharisha." Zisis alijaribu kucheka, kicheko kikamkaukia mdomoni. "Watanicheka mpaka wajukuu zangu."

"Afadhali kuchekwa. Anayechekwa yuko hai."

Zisis alimpita mlangoni. Aliingia ndani kutafuta shati lake jeupe.

Jambo lenyewe lilijulikana na kila mtu. Kaka yake Zisis, Gakis, alimpiga risasi Thymios, mtoto wa pekee wa mjane Vaya, kwa sababu ya zamu ya maji ya kunyweshea kondoo. Gakis alifungwa, akapelekwa gereza la kisiwani, na serikali ikasema yameisha. Anemolaka hawakuona hivyo. Kwao damu haifungwi gerezani. Hubaki kijijini ikimngoja anayefuata, na aliyefuata katika nyumba ile alikuwa Zisis. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili, zilizopakana ukuta, hazikusalimiana hata mlangoni mwa kanisa. Usiku mmoja mbwa wa Zisis alikutwa amechinjwa. Baadaye likaungua zizi. Angekimbia yeye, ingefuata nyumba, na ndani ya nyumba alikuwamo mama.

Padri Kosmas alikwenda huku na huku tangu Kwaresima, akanyweshwa kahawa na kutukanwa, mpaka siku moja pande zote mbili zikakubali. Wapatane kwa njia ya wazee. Wapatane kwa kitsamiko.

Kitsamiko ni ngoma ya wanaume wa milimani. Haina haraka. Mababu waliicheza kabla ya kushuka kupigana na Waturuki, na aliyeiongoza ndiye aliyetangulia njiani kesho yake. Kiongozi hushika leso, na mtu wa pili hushika ncha yake nyingine. Kiongozi huruka, hupiga kisigino kwa kiganja, huzunguka, kisha hujilaza nyuma mpaka nywele ziguse ardhi, na hakuna kinachomzuia asianguke ila mkono wa yule wa pili. Siku za kawaida ni mchezo. Siku ya kupatana, hujilazi katikati ya uwanja. Unajilaza kwenye Pengo.

Pengo ni pale ambapo ukuta wa uwanja wa kanisa uliporomoka zamani, ukaenda na udongo wake mpaka mtoni. Wazee hawakuujenga tena. Nyumba iliyomwaga damu hutoa kiongozi. Nyumba iliyofiwa hutoa mshikaji. Kiongozi huweka visigino ukingoni na kujitupa nyuma juu ya bonde kwa uzito wake wote. Akijilaza nusu, amewaambia watu kwamba hauamini mkono unaomshika, na amani imevunjika. Na mshikaji akifungua mkono, hakuna wa kumshitaki. Amekataa amani, basi. Ilisemwa kwamba zamani mmoja aliachiwa. Hakuna aliyekumbuka jina lake, lakini kila mtoto wa Anemolaka angeweza kukuonyesha jiwe alilofikia.

Wa kumshika Zisis angekuwa Nasos, mpwa wa Vaya, kwa kuwa ukoo ule haukuwa na mwanamume mwingine. Jana yake walikutana kisimani. Ilikuwa mara ya kwanza Nasos kumsemesha tangu msiba.

"Unakula vizuri, Karvelas?" aliuliza Nasos, akiendelea kujaza kiriba chake.

"Nakula."

"Usile sana. Utakuwa mzito, na mimi bega langu linaniuma siku hizi." Alinyoosha vidole vyake vinene mbele ya uso wa Zisis, akavikunja, akavikunjua polepole, kimoja kimoja. "Ona. Vinajifungua vyenyewe. Daktari anasema ni baridi."

Wenzake wawili waliokuwa nyuma yake walicheka. Zisis alijaza maji yake, akaondoka bila kugeuka.

*

Ibada ilikwisha jua likiwa limeshapanda na ukungu umepasuka. Uwanjani wanakondoo walikuwa wakizungushwa juu ya makaa, mafuta yakitiririka. Watu walikula kwa mikono, wakapitisha chupa, wakapiga kelele za sikukuu. Lakini zilikuwa kelele za watu wanaotazama pembeni. Popote Zisis aliposimama nafasi ilijitenga kumzunguka. Mzee mmoja alimpa kipande cha nyama, akamwangalia akitafuna kama anavyoangaliwa mgonjwa.

"Kunywa kidogo," alisema Padri Kosmas, akimshika kiwiko. "Usinywe sana."

"Baba, atanishika?"

Padri alitazama ndevu zake. "Ameniapia."

"Nimekuuliza kama atanishika."

"Mwanangu, mimi naweza kumwapisha mtu. Vidole vyake siviwezi."

Upande wa wanawake, kwenye kizingiti cha kanisa, alikaa Vaya. Alikuwa amevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi. Mfiwa hachezi, wala hasogei karibu na zumari. Miaka yote tangu afiwe, sikukuu ilipofika, Vaya alifunga madirisha yake na kujaza pamba masikioni. Leo alikuja. Alikaa wima, mikono mapajani, akimtazama Zisis bila kupepesa, na Zisis aliona ni heri macho ya Nasos kuliko hayo.

Mzunguko wa kwanza ulichezwa bila ala, kwa ajili ya waliotangulia kaburini. Wazee waliuimba kwa mdomo, wakikokota miguu, sauti zao zikikwaruza:

*Mlima vua theluji, nipite nimtafute,*
*Ewe mto shusha maji, kondoo wangu wapite.*

Walipokwisha wakajitenga, na uwanja ukabaki mtupu. Mpiga zumari aliloanisha mdomo wake, akamtazama padri. Padri akatikisa kichwa: sawa. Zumari ikapanda, ikatetemeka juu kabisa kama inayotafuta mahali pa kutua, na dufu likaanza kugonga taratibu.

Zisis aliingia uwanjani. Miguu ilikwenda. Hilo lilimshangaza, jinsi miguu inavyokwenda wakati moyo unakimbilia kwingine. Nasos alimfuata, kifua mbele, mikono imening'inia. Zisis akaingiza mkono mshipini kutoa leso.

Haikuwa leso yake.

Yake ilikuwa ya pamba, nyepesi. Hii ilikuwa nzito, ya kitani, imekunjwa na kushonwa ncha, na ndani ya pindo vidole vyake vilikutana na fundo. Kisha jingine. Kisha jingine. Jasho lilimtoka mgongoni kwa mkupuo. Alijua mara moja: mama. Mama alikuwa ameibadilisha alipokuwa anavaa. Wanawake wa milimani hufunga mafundo hayo usiku, kila fundo na neno lake, ili kuufunga mkono wa adui usifanye uovu. Ni uchawi mdogo, kila nyumba inaujua. Lakini kuuleta kwenye ngoma ya kupatana ni zaidi ya kumtemea mtu mate usoni. Ni kusema: nimekuja kupatana nawe, na nimekuroga.

Aliinua macho, akamwona Asimina kati ya wanawake, kiganja mdomoni. Kurudi hakuwezekani. Wapigaji walikuwa wameshaanza.

"Lete," alisema Nasos, akinyoosha mkono.

"Ngoja."

Sauti haikuwa kubwa. Vaya alikuwa amesimama. Alitembea moja kwa moja kuvuka uwanja, na zumari ikafifia yenyewe, kwa kuwa mpigaji hakujua ampigie nini mjane anayeingia ngomani.

"Rudi ukakae, shangazi," alisema Nasos. "Umefiwa."

"Najua nimefiwa. Nani kakwambia nimesahau? Sogea. Mimi nitamshika."

Minong'ono ilipita uwanjani kama upepo majanini. Nasos aliwaka uso. "Shangazi, huyu ana uzito wa ndama. Wewe hata ndoo unabeba nusu."

"Ndiyo maana wewe utakuwa nyuma yangu. Utanishika mkono. Au bega bado linakuuma? Hapa kijijini hata kuku wamesikia habari za bega lako."

Mtu mmoja alicheka, akajinyamazisha. Hakukuwa na sheria inayomkataza mama. Hakuna aliyewahi kufikiri ingehitajika.

Vaya akaishika ncha ya leso. Zisis aliona vidole vile vyenye mafundo ya baridi yabisi vikiteleza juu ya pindo, vikasimama, vikabonyeza.

"Ni nini hiki?"

Dufu likanyamaza. Nasos akainama, akapapasa kitambaa, na alipoinuka mkono wake ulikuwa umekwenda kiunoni penye kisu. Nyuma yake wale wenzake wawili walikuwa wameshaacha sahani zao.

"Mafundo!" alisema Nasos kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mnara wa kengele. "Wametuletea mafundo! Mmeona? Mmeona watu hawa?"

"Nani kayafunga?" aliuliza Vaya.

Zisis aliona kisu, akaona Pengo hatua chache nyuma yake, akaona mama yake akianza kuja huku akisukumana na wanawake waliomzuia.

"Mimi," alisema.

Vaya alimtazama. "Muongo. Hili ni fundo la mwanamke. Hata kukaza hujui." Akaleta pindo mdomoni, akakata uzi kwa meno, akafungua fundo la kwanza kwa meno yake machache, mbele ya watu wote, bila haraka, akatema nyuzi, akaenda kwenye la pili. Alipomaliza alikung'uta leso, ikaning'inia laini.

"Asimina!" aliita bila kugeuka. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu msiba. "Mimi nilimshonea Thymios mafundo kwenye kola ya koti. Risasi haikuyaona. Usijisumbue tena." Kisha kwa wapigaji: "Nyie mmelipwa mtazame? Pigeni."

Zumari ikalia.

*

Waliingia mwendo. Zisis mbele, leso, Vaya, Nasos, kisha wengine waliojiunga kwa woga mmoja mmoja. Alipaswa kuruka, akaruka. Alipiga kisigino kwa kiganja, akazunguka chini ya leso, na watu hawakupiga kelele za kumtia moyo kama kawaida, walitazama tu. Duara lilipinda. Hewa ya bonde ikamgusa mgongoni, baridi, ikinuka mto, na chini ya viatu vyake vya misumari changarawe zikaanza kuteleza na kudondoka. Alisikia zikianguka. Hakusikia zikifika.

Aliweka visigino ukingoni. Vaya alikuwa mbele yake, mdogo, mweusi, ameishika leso kwa mikono miwili? La, mmoja tu. Mwingine ulikuwa ndani ya mkono wa Nasos.

"Jilaze," alisema.

Zisis alijilaza. Mwili ulikataa nusu ya njia. Kila mfupa ulijaribu kurudi, na alihisi macho ya kijiji yakipima nusu hiyo. Akafumba macho, akaachia magoti, akajitupa. Leso ikakazika kwa kishindo. Kichwa chake kilikuwa juu ya utupu. Alipofumbua macho aliona mbingu peke yake, na kwenye pembe ya mbingu, uso wa Vaya ukiwa umekunjamana kwa uzito.

Hapo kiongozi huinuliwa. Hakuinuliwa.

"Ulikuwepo," alisema Vaya. Alisema chini chini, meno yamebanana. "Siku ile. Walisema ulikuwa mlimani na kaka yako."

"Nilikuwepo."

"Alikufa pale pale?"

Mkono wa Zisis ulianza kuloa jasho. Kitani kilikuwa kikisogea kiganjani, uzi kwa uzi. "Hapana, mama Vaya."

"Alisema nini?"

Angeweza kusema lolote. Kwamba alimwita mama yake, kwamba alisamehe. Maneno hayo yalimjia yote, matamu, tayari, na akaogopa kuliko alivyoogopa bonde, kwa kuwa macho yale yangeyajua.

"Gakis alikimbia. Mimi nilikaa naye. Alisema..." Pumzi ilikatika. "Alisema, mwambieni mama yule kondoo wa kengele hajakamuliwa. Basi. Alirudia. Kisha hakusema tena."

Uso wa Vaya haukubadilika. Lakini mkono wake ulitetemeka, na tetemeko likashuka kwa leso mpaka begani mwa Zisis.

"Alirudi mwenyewe jioni," alisema Vaya. "Chuchu zimevimba, analia mlangoni. Nikajiuliza nani kamsahau." Akavuta pumzi. "Mbona hukuja kuniambia?"

"Ningepitia wapi? Nyumba yako ilikuwa imefungwa kwangu."

Changarawe nyingine zikaenda. Kiatu cha Vaya kiliteleza shubiri moja kuelekea ukingoni, na kutoka kwa wanawake ukapanda mlio.

"Nasos," alisema Vaya. "Vuta."

Nasos hakuvuta. Zisis aliona juu ya bega jeusi la mjane uso wa mtu anayefikiri. Hapo ndipo alipoelewa mama huyu alifanya nini alipojiweka katikati: Nasos hakuweza kumwachia mmoja bila mwingine. Na Nasos pia alikuwa ameelewa. Alikuwa akimchukia kila mtu duniani kwa kuelewa huko.

"Muachie leso, shangazi," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Fungua mkono tu. Wewe nimekushika."

"Mkono wangu ni wangu."

"Alimuua Thymios!"

"Kaka yake. Huyu alikaa naye." Kiatu kikateleza tena. "Nasos, mimi naenda naye. Amua upesi, mikono imechoka."

Zumari ilikuwa imeshikilia noti moja, ndefu, nyembamba, haishuki wala haipandi. Leso ilikuwa imebaki vidoleni mwa Zisis kwa ncha tu. Alifikiri juu ya lile jiwe. Alijua rangi yake.

Nasos akanguruma kama mnyama, akavuta.

Wote watatu walianguka ndani ya uwanja, mmoja juu ya mwingine, vumbi kinywani. Kelele ilipasuka, kengele ya kanisa ikapigwa, Asimina alikuwa ameshafika, anamkumbatia mwanawe kichwa, miguu, popote. Padri Kosmas alianza kusema kwa sauti kwamba amani imefungwa, Mungu ameona, kijiji kimeona.

"Imefungwa nusu," alisema Nasos.

Alikuwa amesimama, akijipangusa magoti. Hakunong'ona, wanaume wa huko hawatishii mtu kwa kunong'ona. Aliongea watu wote wasikie, na kengele ikanyamaza.

"Nimevuta kwa ajili ya shangazi yangu. Maadamu yuko hai, Karvelas, sikugusi, wala mbuzi wako sigusi. Pita mbele ya mlango wangu, nisalimie, nitaitikia. Lakini siku tutakayomzika huyu mama, jioni yake usilale nyumbani."

"Nasos!" alifoka padri.

"Nimesema, baba. Ni afadhali ajue."

Zisis aliona watu wakimtazama yule mjane aliyekaa vumbini, wakipima: mabega yake membamba, kifua chake kinachopanda na kushuka kwa shida, midomo iliyogeuka buluu. Naye akampima vilevile. Kikohozi cha majira ya baridi yaliyopita, ambacho kijiji kizima kilikisikia. Paa lake linalovuja. Njia ya kisimani inayoteleza barafu. Hofu iliyokuwa bondeni muda mfupi uliopita ilipanda, ikaja kukaa ndani ya mwili huo mdogo mweusi.

Vaya alikohoa, akafuta mdomo kwa leso.

"Unanitazama nini?" alimwambia. "Sijafa."

Zisis alimsogelea kwa magoti, hakuwa na nguvu ya kusimama. Akamshika ile mikono yenye baridi, akasema kwa sauti, mbele ya mama yake, mbele ya Nasos na padri na kanisa lililo wazi mlango:

"Mama Vaya, naapa kwa Bikira wa leo. Kesho napanda juu ya paa lako, na halitavuja tena. Kuni utazikuta mlangoni kabla hujaamka, na kisimani hutakanyaga. Kondoo wako nitawakamua mimi. Ukikohoa usiku, piga ukuta kwa fimbo, nitakubeba mgongoni mpaka kwa daktari, theluji iwe magotini, iwe kifuani. Hutakufa, mama. Sitakuruhusu ufe."